Bi Dirisha na Kitabu cha Mtu

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Aliye jikoni apunguze moto. Aliye kazini ajifanye hasikii, lakini asikie.

Leo tunamkumbuka mama aliyetutoka wiki hii baada ya kuugua kifua. Alikuwa mkata tiketi wa stesheni ya treni. Wengi wenu mlimjua nusu nusu: paji la uso, miwani, vidole vinavyosukuma tiketi. Kilichobaki kilifichwa na ukuta. Ndiyo maana mlimwita Bi Dirisha. Na sisi tutamwita hivyo hivyo, maana hata mdogo wake ametuambia, "Mkitaja jina lake halisi, hakuna atakayejua mnamsema nani."

Basi ni Bi Dirisha. Mkata tiketi. Na msomaji wa vitabu. Shule yake ilikuwa ya msingi tu, na nyumbani kwao hakukuwa na kitabu. Lakini alisoma vitabu vingi kuliko wengi wanaovinunua, na yeye hakununua hata kimoja. Usimfikirie vibaya. Hakuiba. Ngoja nikupeleke taratibu.

Kwanza kibanda chenyewe. Kilikuwa na ukubwa wa kitanda cha watu wawili. Mbele kulikuwa na dirisha lenye nondo, na chini ya nondo uwazi wa kupitisha mkono. Nyuma kulikuwa na mlango wa chuma, na mlango ule ulifungwa kwa nje. Narudia, wasikilizaji: kwa nje. Ufunguo ulikaa kiunoni kwa Msimamizi wa stesheni. Amri ilikuwa kwamba mwenye hela asiwe na ufunguo, na mwenye ufunguo asiwe na hela. Kwa hela ilikuwa amri nzuri. Kwa mtu aliyefungiwa nazo, hapo ndipo penye neno.

Akitaka kutoka, hata kwenda kujisaidia, aligonga ule mlango kwa koleo la kutobolea tiketi, akangoja. Msimamizi akiwa karibu, alifunguliwa. Akiwa mbali, aliendelea kungoja. Mdogo wake anasema, "Dada alijizoesha kutokunywa maji asubuhi. Alistaafu, na bado chai ya asubuhi ilimtia wasiwasi." Jua likiwaka, bati la kibanda nalo liliwaka, na yeye alikaa na kitambaa kibichi shingoni, anasema, "Unakwenda wapi?" Siku nzima ni hilo tu. Unakwenda wapi. Unakwenda wapi. Yeye alikuwa haendi.

Sasa, kwa kuwa kibanda ndicho mahali pekee palipofungwa kwa kufuli, vitu vyote vilivyosahauliwa kwenye treni na mabenchi vililetwa humo. Miavuli. Kiatu cha mguu mmoja. Kuna siku uliletwa mkongojo, na mpaka leo wachukuzi wanabishana mwenyewe alishukaje. Vililundikwa miguuni pake. Mwenyewe akija, anapewa. Asipokuja, ikifika siku ya mnada vinauzwa uani. Na miongoni mwa vitu hivyo, wasikilizaji wapendwa, kulikuwa na vitabu.

Treni zikichelewa, na zilichelewa sana, Bi Dirisha aliokota kitabu pale miguuni, akasoma. Alisoma haraka, jicho moja kwenye ukurasa, jingine dirishani, kama mtu anayekula sahani ya mwenzake. Maana mwenyewe angeweza kutokea wakati wowote. Na alitokea. Ndivyo alivyokatwa katikati ya hadithi, mara kwa mara, mwaka baada ya mwaka.

Cha kwanza kumkaa moyoni kilikuwa cha ndugu wawili wanaochimba kisima. Wamegombana, hawasemezani, lakini kamba ya mmoja inashikwa na mwenzake. Mmoja yuko chini kabisa, kwenye giza na tope. Wa juu ameishika kamba na hasira anayo. Bi Dirisha alikuwa hapo hasa, moyo unamdunda, akasikia nondo zinagongwa.

"Dada, habari. Nilisahau kitabu kwenye treni ya jana." Alikuwa muuguzi, bado na sare yake.

Sasa hapa kuna jambo la kueleza. Siku chache kabla, saa ya mkononi ya mama mmoja ilipewa mtu asiye mwenyewe, na Msimamizi alimfokea Bi Dirisha mbele ya abiria wote. Akaweka amri: mwenye mali aeleze mali yake. Mwavuli, useme rangi na mpini wake. Lakini kitabu je? Kilikuwa mkononi mwake, jalada linaonekana na kila mtu aliye kwenye foleni. Mjanja yeyote angelisoma pale pale. Basi Bi Dirisha akafikiri, akauliza:

"Kama ni chako, kinahusu nini? Na kimeishaje?"

Muuguzi akacheka. Akaegemea nondo, akasimulia. Foleni ikaanza kunung'unika, kisha ikanyamaza, kisha ikasogea. Alipofika pale ndugu wa juu anapoamua la kufanya na kamba, mzee mmoja nyuma akasema, "Angeiachia. Mimi ningeiachia." Mkewe akamjibu, "Ndiyo maana mimi siingii kisimani na wewe."

Kuanzia siku hiyo, hilo ndilo likawa swali la dirishani. Kinahusu nini, na kimeishaje. Amri ya Msimamizi imefuatwa, na Bi Dirisha amepata mwisho wa hadithi. Watu walizoea. Bwana mmoja wa tai na mkoba alifuata kitabu kinene cha mapenzi, jalada limeng'oka, na ilibidi anong'one mwisho wake huku masikio yamemwiva. Foleni ikamwambia, "Paza sauti, bwana. Na sisi tumelipa nauli."

Viko visivyodaiwa pia. Kimoja kilikuwa cha magonjwa ya kuku. Hakuna aliyekifuata. Bi Dirisha alikisoma chote, akakirudia. Binti wa mdogo wake, aliyemwita mama mkubwa, anakumbuka: "Alikuwa akisema, kitabu kilichomfundisha huruma ni cha kuku. Ati kinasema, kuku anayejitenga na wenzake usimfukuze, msogelee kwanza. Na hatujawahi kufuga hata kifaranga." Aliwapima watu kwa kitabu kile. Akimwona abiria amekaa peke yake mwisho wa benchi, alimtuma mchukuzi akamuulize kama ni mzima.

Mchukuzi mwenyewe mnamjua. Ni yule anayeitwa Kasi, na aliitwa Kasi kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akikimbia.

Sasa twende kwenye siku yenyewe.

Kililetwa kitabu kipya, chembamba, kimeokotwa benchini. Bi Dirisha hajakifungua bado, foleni ni ndefu. Akatokea mwanamume, shati limelowa jasho, mkono mmoja una mfuko mzito.

"Mama, shikamoo. Kitabu hicho ni changu. Nimekiacha benchini hapo sasa hivi."

"Marahaba. Kinahusu nini?"

Yule bwana akakitazama kitabu, akamtazama yeye. "Sijui."

"Hujui kitabu chako?"

Foleni ikacheka. Mmoja akasema, "Huyu anataka kusoma bure."

"Kimeishaje basi? Au kimeanzaje?" Bi Dirisha hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama alivyouliza wote.

"Mama, si mimi nitakayekisoma," yule bwana akasema, sauti chini. "Treni yangu ndiyo hiyo."

Sikilizeni vizuri hapo. Alisema, si mimi nitakayekisoma. Bi Dirisha alilisikia neno hilo. Lakini Msimamizi alikuwa amesimama pale karibu na mizani ya mizigo, mikono nyuma, anatazama. Na amri ni amri. Akatikisa kichwa.

Bwana yule hakutukana. Alisema tu, "Basi kaa nacho," akabeba mfuko wake, akaondoka.

Foleni ikasogea. Unakwenda wapi. Unakwenda wapi. Kisha Kasi akaja kuegemea nondo kama kawaida yake, akasema, "Yule bwana wa kitabu nimembebea mfuko toka getini. Mzito kweli. Chupa ya chai, shuka, beseni. Anakwenda hospitali, kuuguza."

Bi Dirisha akakichukua kile kitabu, akakifungua. Kurasa zilikuwa bado zimeshikana kingo, hazijawahi kupanuliwa na mtu. Kilikuwa kipya kabisa. Hakuna aliyekisoma duniani. Angewezaje kujua kimeishaje? Yeye, aliyeshika vitabu kila siku, alikuwa amekishika hicho mkononi na hakuona.

Akainuka. Mlango umefungwa. Akagonga kwa koleo, akaita. Msimamizi alikuwa ameshaondoka pale kwenye mizani, amekwenda kunywa chai. Akagonga tena. Kiganja, kiwiko, bega. Chuma hakina habari na mtu. Akarudi dirishani, akautoa mkono na kitabu kwenye ule uwazi mpaka bega likagoma, akasema, "Kasi, kimbia. Mpe. Kimbia, baba."

Na Kasi alikimbia. Wachukuzi walioshuhudia wanaapa mpaka leo. Alikimbia sambamba na mabehewa, anakipunga kitabu, anaita, "Bwana wa mfuko, bwana wa mfuko." Vichwa vingi vilitokea madirishani. Cha yule bwana hakikutokea. Treni ikachukua kasi yake, na Kasi naye ikamwishia yake.

Bi Dirisha aliyaona yote kupitia nondo. Alikuwa bado ameshika koleo. Msimamizi aliporudi na kufungua mlango, alimkuta amesimama, akamuuliza, "Ulikuwa unaitia nini?" Akajibu, "Basi tena."

Kitabu hicho hakukisoma. Hilo nalirudia, kwa sababu ndilo lililomtesa: Bi Dirisha, msomaji wa kila kilichoandikwa, hakusoma kitabu hicho. Alikiweka rafuni, mbele ya macho, ili yule bwana akirudi akione kabla hajauliza. Kila treni ikitoka upande wa hospitali, alisimama kuwatazama wanaoshuka. Aliacha pia lile swali lake. Mtu akija kudai kitabu, alimpa tu. Wengine walilalamika. Walikuwa wamejiandaa kusimulia.

Siku ya mnada ikaja. Msimamizi akanyoosha kidole rafuni. "Hicho mbona hakitoki?"

"Mwenyewe yuko njiani."

Mwaka wa pili, "Yuko njiani." Mwaka wa tatu Msimamizi akasema, "Njia gani hiyo isiyofika?" Lakini hakukigusa. Pengine na yeye alikuwa na lake moyoni kuhusu chai ile. Hatukumuuliza, na ameshatangulia.

Mdogo wake anasema nyumbani mambo yalibadilika. "Alikuwa akikaa sebuleni, mlango ukifungwa na upepo, anashtuka. Anainuka kuufungua. Nilimwambia, dada, hapa ufunguo ni wako. Akaniambia, najua. Na anaufungua vile vile." Alimwota yule bwana. Hakumwota amekasirika. Alimwota amekaa kando ya kitanda, amekunja mikono, hana la kumsomea mgonjwa.

Mwisho zikaja mashine za tiketi. Dirisha likazibwa kwa mbao, Bi Dirisha akastaafu, akakibeba kitabu kwenda nacho nyumbani. Akakaa nacho majuma kadhaa. Kisha asubuhi moja akavaa vizuri, akamwambia mdogo wake, "Nakwenda hospitali."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

Alikuwa ametoa tiketi za safari ile kwa umati wa watu, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuisafiri. Hakutazama nje. Alikipakata kitabu.

Hospitalini aliuliza habari za mwanamume mwenye chupa ya chai na shuka. Muuguzi wa zamu akamtazama kwa huruma. "Mama, hapa kila mtu ana chupa ya chai na shuka. Na unasema ni zamani?" Hakujua jina, hakujua wodi, hakujua ugonjwa. Akakaa kwenye benchi la wodi ya wanawake mpaka muda wa kutazama wagonjwa ukaisha. Wiki iliyofuata akarudi. Na iliyofuata. Wagonjwa wakamzoea, wakataka kujua kitabu kamletea nani. Yeye akakwepa, akawasimulia vingine. Akawasimulia cha kisima, na wodi ikagawanyika kama foleni ilivyogawanyika. Akawasimulia cha mapenzi, akanong'ona mwisho. Akawasimulia cha kuku, na mwanamke mwenye mshono tumboni akaomba anyamaze kidogo, kucheka kunamuua.

Pale palikuwa na bibi amefungwa bandeji machoni. Haoni kitu. Kitanda chake kilikuwa na vyuma pembeni, asije akaanguka. Siku moja Bi Dirisha aliweka kitabu juu ya kabati lake ili afunge kilemba.

"Hicho kilichogonga kabati ni nini?"

"Kitabu, bibi."

"Cha nani?"

"Cha mtu."

Bibi akavitikisa vyuma vya kitanda. "Mimi siendi popote. Nieleze."

Bi Dirisha akamweleza. Dirisha, nondo, swali, treni. Hakuwahi kumweleza mtu yote kwa mpangilio, hata mdogo wake. Bibi akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo alikuwa anampelekea nani?"

"Mgonjwa."

"Na mimi ni nani?"

"Bibi, mgonjwa yule si wewe."

"Unamjua? Umemwona? Kama unasema si mimi, basi nieleze yeye yukoje."

Bibi alikuwa amegeuza uso upande wake, bandeji nyeupe, anangoja. Huo ndio uso wa kwanza, wasikilizaji wapendwa, uliokingoja kitabu kile mbele yake. Bi Dirisha akakaa kwenye kiti. Akatenganisha kurasa kwa ukucha, moja moja. Akasoma.

Sitawadanganya. Kilikuwa kitabu cha kawaida tu. Habari za mwalimu aliyehamishiwa shule ya mbali, na katikati kinachosha. Bibi alisinzia kabla hakijafika nusu, akaanza kukoroma. Bi Dirisha akanyamaza. Kutoka kitanda cha ng'ambo, sauti ikasema, "Mama, kalala yeye. Mimi sijalala." Basi akaendelea. Siku ile hakumaliza. Wiki iliyofuata akarudi, akamaliza.

Alipoinuka kuondoka, muuguzi alimkimbilia ukumbini. "Mama, umesahau kitabu chako."

"Si changu."

"Cha nani sasa?"

"Cha wodi."

Binti wa mdogo wake ndiye aliyempokea nyumbani jioni hiyo. Anasimulia: "Nilimuuliza, mama mkubwa, kimeishaje? Akasema, kimeisha kwa papara, mwandishi alichoka. Akavua viatu. Upepo ukafunga mlango, na hakuinuka."

Aliendelea kwenda wodini mpaka kifua kilipomzuia. Yule bwana hakumpata. Kama mgonjwa wake alipona, hakujua. Aliliuliza hilo hata alipokuwa yeye mwenyewe kitandani, akimtazama mdogo wake kana kwamba yeye anajua. Hakuna aliyejua.

Wasikilizaji wapendwa, Bi Dirisha, mkata tiketi, msomaji wa vitabu, amepumzika. Tunampa pole mdogo wake, aliyekaa naye nyumba moja miaka yote. Tunampa pole binti aliyemwita mama mkubwa. Pole, Kasi, uliyelibeba jeneza na hukutaka kupokewa. Pole kwa wanawake wa wodi ile. Mungu awape subira.

Na sisi tuliobaki tujiulize. Kila mmoja ana dirisha lake, kazini au nyumbani, ambapo watu hufika na kuomba. Tunauliza maswali yetu ya kila siku. Mtu anajibu kwa sauti ya chini, jambo ambalo hatukulitarajia. Tunamsikia, au tunamtazama aliyesimama kwenye mizani?

Na wewe bwana wa mfuko, kama u hai na redio iko karibu: uliyempelekea mikono mitupu siku ile hatumjui. Bi Dirisha naye hakumjua. Alimsomea.